Kuhama kwa Hesabu

Sheria ya uchaguzi iliyotumika Zanzibar mwaka 2005 ilimtaka raia awe amekaa jimboni miezi 36 mfululizo ndipo aandikishwe, na sheha ndiye shahidi wa makazi yake. Basi bwana aliyehama Kikwajuni akapanga Mwanakwerekwe, ambaye mwenye nyumba alimtambua siku ile ile ya kupokea kodi, na mbu wakamtambua usiku wake bila ya kudai cheti, kwa sheha mpya alikuwa mgeni, na kwa sheha wa zamani marehemu aliye hai. Bibi aliyeolewa jimbo jengine (taksiri yake, kwa nini hakuchagua mume kwa ramani?) aliweza kuzaa mara mbili kabla ya kuhesabiwa mkaazi. Alhasili, mwenye busara alihama kesho yake matokeo yakishatangazwa.