Sifa za Python Kongwe

Kila kijana wa Linux huidharau Python aliyoikuta ndani ya mashine. Imepitwa na wakati, husema, akaiandama kuing'oa. Huo ni utovu wa adabu.

Isifiwe kwanza kwa kutostaafu. Python 2.6 ilitoka mwaka 2008, na mwaka 2013 waundaji wake wakaacha kuihudumia. Yenyewe wala haikushtuka. Ndani ya CentOS 6, mmoja wa mifumo ya Linux, iliendelea kwenda kazini hadi Novemba 2020, ikiiendesha yum, programu inayosakinisha programu nyingine.

Isifiwe pia kwa wivu. Aliyeielekeza /usr/bin/python kwenye toleo jipya alijibiwa papo hapo: yum ililalamika kwamba moduli iitwayo yum haipo. Atengeneze vipi? Asakinishe upya. Kwa kutumia nini? Yum.

Kwenye Ubuntu 20.04 adhabu ni ya kimyakimya. Kijana huinyang'anya 3.8 jina la python3, akaipa 3.9, kisha anabofya ikoni ya terminali. Kishale kinazunguka, kinatulia, dirisha halifunguki. Kumbe kinachoifungua terminali hiyo ni hati fupi ya Python, nayo inategemea moduli ya gi iliyokompailiwa kwa ajili ya 3.8. Inabidi abonyeze Ctrl+Alt+F3 na kukaa mbele ya skrini nyeusi tupu, akirudisha jina kwa mwenyewe.

Hata hivyo, si mchoyo. Kama baba mwenye nyumba wa Kariakoo, hamkatai mpangaji. Asichotaka ni mtu kugusa mita yake ya umeme. Chumba kipo, ndicho /usr/local. Anayejenga toleo jipya kutoka msimbo chanzo aandike make altinstall, si make install, nalo litaingia kwa jina lake kamili, tuseme python3.12, bila kugombania lile fupi. Kisha kila mradi upewe mazingira yake kwa venv, na vifurushi vya huu visikanyagane na vya ule.

Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, imeugeuza ubishi huu kuwa sheria. Pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python, ikijaribu kuviweka ndani ya Python ya mfumo, inakataliwa. Anayeng'ang'ania sharti aandike kwenye amri yenyewe kwamba yuko radhi kuvunja vifurushi vya mfumo. Kwa hiyo ushahidi hupatikana kabla ya kosa, tena kwa mkono wa mkosaji.