Ziwa Limefungwa, Kompyuta Imegoma

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana, Kigoma iliona mambo mawili: dagaa walipanda bei, na wanaume waliozoea kukesha majini wakaanza kuonekana mchana sebuleni mwa watu. Kwetu Mwanga alihamia shemeji yangu, mdogo wake mama watoto, mvuvi wa Kibirizi. Alipomaliza kukaza bawaba za milango yote, akabaki kutafuta kingine kibovu.

Mungu akampa kompyuta.

Ni ya mezani, mtumba wa siku nyingi, iliyokuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na mama watoto huifunika kitambaa cha kudarizi. Humo ndimo anamotunza hesabu za mikopo: nani wa Ujiji kachukua dumu la mawese, nani wa Gungu kabeba sado ya dagaa kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi alipowasha, feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, kioo kikabaki cheusi tii, na kasha likaanza kulia: piii ndefu, kimya, piii ndefu, kimya.

"Imekufa na madeni yangu," akasema, akajiachia kitini.

Baraza likakaa. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Ujiji kutujulia hali, aliuliza kama imesomewa dua. Binti yetu wa kidato cha pili akasema ni virusi. Mimi nilishikilia waya: tukabadilisha waya, tukahamia soketi nyingine, tukaazima monita ya jirani. Piii. Fundi mmoja tuliyempigia simu aliusikiliza mlio huohuo simuni, akatangaza kuwa mazabodi imekwisha, ila yuko tayari kutuondolea mzigo kwa bei ya chuma chakavu. Wema huo wa haraka ukatutia shaka.

Shemeji alikuwa kimya muda wote. "Mashine ya boti ikikataa kuwaka," akasema hatimaye, "hukimbilii kununua mashine. Unatoa plagi, unaisugua, unairudisha."

"Shemeji, hii haina plagi."

"Haina kitu kinachotoka na kurudi?"

Kipo: RAM, kile kijibao cha kumbukumbu ya muda. Na kwenye kompyuta nyingi za zamani, mlio mrefu unaojirudia una maana hiyo hasa, kwamba mashine imeitafuta RAM haikuiona. Bila RAM haiwezi hata kuandika kiooni kinachoiuma, ndiyo maana inalia. Virusi vya binti yetu navyo vilikuwa na kinga: vingekuwa kwenye diski, na mashine ilikuwa haijafika huko.

Tukachomoa waya ukutani, tukabonyeza swichi ili umeme uliobakia ndani uishe. Nikamwambia shemeji ashike kwanza bati la kasha, maana umeme tuli wa mwilini, hata usipousikia, huweza kuunguza vifaa hivyo. Akafungua ubavu. Vumbi jekundu lilikuwa limeganda kwenye feni, na chini, pembeni, amelala mjusi aliyekauka.

"Nilisema kuna kitu," akasema mama mkwe.

RAM ilikuwa imebanwa kwa vibanio viwili vyeupe. Shemeji alipoichomoa, meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa utando wa hudhurungi. Vumbi na unyevu vilikuwa vimefanya kazi yao. Binti akatoa ufutio kwenye mkebe wa hesabu. Shemeji akasugua taratibu, upande huu na ule, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akairudisha na kuikandamiza hadi vibanio vikalia ta, ta.

Tukawasha. Pi moja fupi, kisha maandishi meupe: saa haijapangwa, bonyeza F1 uendelee. Lilikuwa tatizo la pili, dogo. Ile betri ya mviringo iitwayo CR2032, yenye upana wa milimita 20, unene wa 3.2 na nguvu ya volti 3, ndiyo hutunza tarehe umeme usipokuwepo. Yetu ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mashine ikarudi kwenye tarehe ya kiwandani. Mama watoto hakungoja betri mpya. Alibonyeza F1, akachapa orodha yote ya madeni, kila karatasi ikiwa na tarehe 1 Januari 2005, akaanza kuzigawa.

Mteja wa kwanza, mama wa Gungu, aliisoma mara mbili.

"Dada, mwaka 2005 mimi nipo darasa la tatu. Nani alinikopesha dagaa?"

"Tarehe nitairekebisha nikipata betri, mdogo wangu," mama watoto akamjibu. "Na betri nitanunua kwa hiyo hela yangu uliyokaa nayo."

Akalipa, akacheka, akadai risiti iandikwe kwa mkono.