Abiria wa Kutishia Ndege

Saa tatu na dakika kumi usiku, mtoto akiwa ameshaoga na kujifunika blanketi, ndipo anapokumbuka. Hakumbuki saa kumi jioni akitoka shule, wala wakati wa ugali. Mwanangu alichomoa kichwa akasema kwa utulivu wa mtangazaji wa hali ya hewa:

"Baba, mwalimu amesema twende na sanamu ya kutishia ndege. Kesho."

"Kesho gani?"

"Kesho kesho."

Ilikuwa Agosti 2021. Mtoto alikuwa gredi ya nne, somo lenyewe ni Kilimo. Nilifungua kundi la WhatsApp la wazazi nikaukuta ujumbe wa mwalimu umekaa siku nne, umezikwa chini ya salamu za asubuhi zenye maua, dua za kufungua wiki, na mama mmoja anayeuza mayai ya kienyeji. Mwalimu alitaka sanamu ya urefu wa mtoto, iliyotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani, pamoja na picha ya mwanafunzi akiitengeneza.

Mama yake alinitazama. Nyumbani kwetu Hisabati ni yake kwa sababu ndiye anayejua bei ya unga, na Kilimo ni changu kwa sababu nimezaliwa Vihiga. Nilijaribu kumweleza kwamba utaalamu wangu ni wa namna nyingine kabisa. Kwa nyanya yangu hatukuwa na sanamu ya kutishia ndege. Sanamu ilikuwa mimi. Nilisimama katikati ya mtama na debe na kijiti tangu alfajiri, na hakuna aliyekuja kunipa gredi.

"Baba Boi," akasema, "huo muda wa kuhutubu ungekuwa umeshona mkono mmoja."

Hapo ndipo ungamo langu linapofaa kuingia. Mimi ni zao la 8-4-4, ule mfumo wa elimu ulioanza mwaka 1985 ukiwa na ahadi ileile: mtoto wa Kenya ajifunze kutumia mikono, asikariri tu. Nikiwa darasa la sita tuliambiwa kila mmoja achonge mwiko. Nilichonga siku mbili nikapata kitu kilichofanana na mfupa wa mguu wa mbuzi. Mama akaenda soko la Luanda akanunua mwiko uliochongwa na fundi, akaupaka majivu kidogo ili usionekane mpya, nikapewa alama 90 kwa 100. Mwiko haukurudi nyumbani. Kulikuwa na walimu wachache siku hizo waliowahi kununua mwiko au ufagio.

Kwa hiyo watu walipokasirika mwaka huo wa sanamu kwamba CBC inawapa wazazi kazi za watoto, mimi nilinyamaza. Mtaala huu wa umilisi ulianza kutumika kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tatu Januari 2019, na kufikia 2021 mitandao ilikuwa imejaa picha za sanamu zilizovaa suti nzuri kuliko za mabwana harusi. Septemba ya mwaka huohuo wakili mmoja, ambaye pia ni mzazi, aliupeleka mtaala Mahakama Kuu. Profesa George Magoha, aliyekuwa Waziri wa Elimu, aliendelea kuutetea. Mimi usiku ule wa Agosti nilikuwa nyumbani Kangemi, Nairobi, nikitafuta nyasi.

Nyasi si jambo dogo ukiishi kwenye ploti. Zamani ningejaza sanamu mifuko ya plastiki, lakini ilipigwa marufuku Agosti 2017, na faini yake inafika shilingi milioni 4; sikuwa tayari kufilisika kwa ajili ya Kilimo cha gredi ya nne. Nilikumbuka mzee wa jirani anayefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba. Aliniuzia nepia ya shilingi 50 kupitia dirishani, akaniuliza nimeanza kufuga lini, na kama ng'ombe wangu hali kwa wakati.

Gunia la makaa likawa kiwiliwili. Mti wa mopu ukawa uti wa mgongo. Foronya ikawa kichwa, vifuniko viwili vya soda vikawa macho. Nilikuwa nashona bega la kulia stima ilipopotea.

Hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini, kwa maana ndipo mambo yalipoharibika. Nyuma ya mlango wetu kuna misumari miwili. Mmoja hubeba koti langu kuukuu la kahawia, ambalo kila mtu alikuwa amekubali limefika mwisho. Mwingine hubeba koti langu la kazi, ambalo pia ni la kahawia. Kwa mwanga wa simu yenye chaji asilimia nne nilichukua koti, nikaivisha sanamu, nikafunga vifungo vyote vitatu. Ilipendeza. Mama Boi alisema inafanana na mjomba wangu yule wa Mbale, hasa tumbo.

Ikabaki picha. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa anakoroma tangu saa nne. Tulimketisha, tukamwekea sindano mkononi, mama akaushika mkono ili usianguke, mimi nikapiga kwa simu yake. Picha hiyo ninayo hadi leo: mtoto amefumba macho, kinywa wazi, anashona kwa imani.

Asubuhi kabla ya saa kumi na mbili tulikuwa stejini, watu watatu. Makanga wa matatu ya kwenda mjini aliinama, akaichunguza sanamu toka juu hadi chini.

"Mzae, huyu ni nani?"

"Ni homework."

"Homework ikikalia kiti inalipa."

Nilimwambia nitaipakata. Akaniuliza nitaipakata vipi ilhali ina mti wa mopu mgongoni. Nilikaa, nikajaribu, mti ukamdunga dereva kisogoni. Nikalipa nauli za watu watatu. Ile ilikuwa miezi ya barakoa, na tulipokaribia polisi makanga alitoa barakoa ya samawati mfukoni, akaifunga kwenye foronya, akaniambia hawezi kukamatwa kwa sababu ya mtu ambaye hata hapumui.

Waiyaki Way wakati huo ilikuwa vumbi na vizuizi. Barabara ya juu, Expressway, ilikuwa bado inajengwa, na Westlands ungeweza kukaa ukasoma gazeti lote pamoja na matangazo ya vifo. Mama mmoja alipandia njiani, akakaa kando ya sanamu, akasalimu, akasinzia. Alilala vizuri sana kwenye lile bega nililolishona gizani. Tulipofika karibu na Museum Hill matatu ikafunga breki ghafla, kichwa cha sanamu kikamwangukia kifuani. Sitarudia maneno yake. Alimalizia kwa kusema, "Na nimemwambia habari ya asubuhi, akaninyamazia!"

Tulishuka Odeon. Langoni mwa shule nilipata faraja: baba wa benki na mama wa mitumba, wote tumebeba maiti zetu za nyasi, wote macho mekundu. Tuliangaliana kama watu waliokutana polisi. Mmoja alikuwa na sanamu yenye tai na viatu vya ngozi. Akasema mtoto wake ameifanya peke yake. Tukamwambia hongera.

Mimi nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road. Nilifika saa mbili kasorobo, mafundi wanne wakiningoja mlangoni, mmoja ameacha gari la mteja limeinuliwa juu ya jeki. Nikatia mkono mfukoni kutoa funguo. Nikapata tundu. Nikatia kidole kwenye tundu, kikatokea upande wa pili, na hapo nikajua nimevaa koti gani.

Kutoka Kirinyaga Road hadi ile shule ni mwendo wa dakika kumi na mbili. Nilitumia sita.

Bustani ya shule ya katikati ya jiji isikudanganye kwa jina. Ni kipande cha udongo kando ya ukuta, ukubwa wa kitanda cha futi tano kwa sita, chenye sukuma wiki kama ishirini hivi zilizochoka kwa moshi. Sanamu zilikuwa zimepangwa pale nyingi kuliko sukuma. Mwalimu alikuwa ameshika karatasi ya kutathmini, darasa zima limemzunguka. Na juu ya kichwa cha ile yenye tai na viatu vya ngozi alikuwa ametua mwewe. Wale mwewe wa Nairobi wanaojua saa za mapumziko na kumpokonya mtoto mandazi mkononi, unadhani wataogopa foronya?

"Karibu mzazi," mwalimu akasema. "Umekuja kushuhudia?"

Sikuwa na pumzi ya kueleza. Niliisogelea sanamu yangu nikatia mkono kwenye mfuko wa koti. Funguo zilikuwa zimepenya kwenye bitana, zikashuka hadi mgongoni. Nilivuta, sanamu ikaniegemea. Nikaikumbatia isianguke, nepia ikaanza kutoka shingoni. Kwa watoto arobaini na kitu, yule alikuwa mtu mzima anayepigana mieleka na mtu wa nyasi, na mtu wa nyasi anashinda. Mwewe akaruka akaenda zake.

Mwalimu hakupoteza nafasi. "Haya, nani atatuambia kwa nini ndege ameondoka?"

Mikono ikapanda. "Mwalimu, amemwogopa huyo mzee!"

Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akifanya Hisabati.

Funguo nilizipata. Koti sikulipata, kwa sababu mwalimu alisema tathmini inaendelea hadi Ijumaa na sanamu haiwezi kuvuliwa nguo mbele ya wanafunzi, na hapo alikuwa na haki. Nilirudi dukani na lile lenye tundu. Yule fundi wa jeki alikuwa ameshanunua kwa jirani.

Jioni nilimuuliza mtoto tumepata nini. Katika CBC hakuna tena namba moja na mkia. Kuna kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na mbali na matarajio. Alifikiri kidogo jinsi ya kunieleza bila kuniumiza.

"Baba, ulikuwa umefikia. Lakini ulipotoa nyasi ukashuka ukawa unakaribia."

Ijumaa ikapita, na wiki iliyofuata ikapita. Kila nikiuliza koti naambiwa sanamu zimehifadhiwa stoo. Jumatatu moja ya baridi nilimfikisha mtoto shuleni mapema, ukungu bado umelala juu ya mabati. Mlinzi alitufungulia lango akatusalimu kwa furaha. Alikuwa amefunga vifungo vyote vitatu, na lilimkaa vizuri kuliko lilivyowahi kunikaa mimi.