Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Muhuri

Mheshimiwa Muhuri,
Ofisi ya Serikali ya Mtaa,
Droo ya chini, kushoto,
Dar es Salaam.

YAH: KUWEPO KWANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta una wino. Sisi huku nje tu wazima, ila hatuna uthibitisho.

Nimeamua kukuandikia wewe moja kwa moja, bila kupitia kwa Mwenyekiti wala Mtendaji. Hao nawaheshimu, lakini kwa miaka kumi na tisa niliyokaa mtaa huu nimeshajua mkubwa ni nani. Mwenyekiti akisafiri, ofisi inafunguliwa. Mtendaji akiugua, ofisi inafunguliwa, anakaa yule kijana wa kujitolea anacheza gemu kwenye simu. Ukiondoka wewe, mlango unafungwa na karatasi inabandikwa: LEO HUDUMA HAKUNA, MUHURI HAUPO. Hakuna kiongozi mwingine wa ngazi yoyote ambaye kukosekana kwake kunaonekana haraka namna hiyo.

Shida yangu ilikuwa ndogo. Benki moja iliniambia taarifa zangu zimepitwa na wakati, nilete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Nikaja Jumatano. Nikaambiwa umo kwenye mkoba wa Mtendaji, na mkoba uko kata kwenye kikao. Alhamisi ulikuwa msibani Mkuranga. Pole sana; sikuwahi kujua una ndugu huko. Ijumaa nikakukuta, tena nilikuona kwa macho yangu droo ilipofunguliwa kutolewa chenji, lakini nikaelezwa kwamba siwezi kukufikia hivi hivi tu. Nianzie kwa mjumbe.

Mjumbe wetu, Mheshimiwa, anakaanga vitumbua hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu. Nilipofika alijifuta mafuta mikononi kwa kanga, akachana karatasi kwenye daftari la hesabu la mjukuu wake, akaniuliza, "Mwanangu, hivi jina lako la kwenye vyeti ni nani vile?" Miaka yote hii ananiita Baba Mapacha. Nikamtajia, akalirudia mara mbili kama anayeonja chumvi, kisha akaandika kwamba mimi ni mkazi wake na ananifahamu vizuri sana. Aliponikabidhi akauliza, "Na ile mia tano ya Jumapili?" Hapo ndipo nilipoamini kwamba kweli ananifahamu.

Jumatatu, tarehe 1 Desemba, nikafika mbele yako.

Naomba nieleze nilichokiona, maana wewe siku zote unatazamishwa chini. Mtendaji alifungua droo kwa funguo zilizofungwa kamba ya kiatu. Akakutoa ndani ya kitambaa. Akazungusha vile vigurudumu vyako vya tarehe kwa kucha ya kidole gumba, tik, mara moja. Akakugonga kwenye pedi, pedi kavu kama mgongo wa kenge. Basi akakuleta mdomoni, akakupumulia, haa, haa, kama mzee anayefuta miwani. Akakulaza juu ya karatasi yangu, akainuka kitini, akakukandamiza kwa viganja viwili na uzito wake wote mpaka meza ikalia. Benchi zima lilinyamaza. Alipokuinua, duara la bluu lilikuwa limetoka upande mmoja: SERIKALI YA MT. Sehemu iliyobaki nilijazia kwa imani.

Nikaombwa elfu tano ya karatasi na wino. Karatasi nilikwenda nayo mwenyewe, nimeichapisha stesheneri pale jirani. Wino ulikuwa ni pumzi. Nilipouliza stakabadhi, kitabu kiko kata.

Sikulalamika. Nimesoma historia kidogo, najua familia yenu mmetoka mbali. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, ikasemwa madaraka yanapelekwa mikoani. Miji ilipoanza kunuka, halmashauri zake zikarudishwa mwaka 1978, kisha mwaka 1982 zikatungwa sheria tunazoendelea nazo mpaka leo. Katiba yenyewe, ibara ya 146, inasema lengo la serikali za mitaa ni kuyapeleka madaraka kwa wananchi. Na kweli yamefika. Yamefika mpaka mtaani kwetu, yakaingia droo ya chini, kushoto, yakafungwa kwa kamba ya kiatu.

Kinachonitatiza ni hiki. Hivi ni kweli sifahamiki?

Kampuni ya simu inanifahamu. Mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, nami nilikuwa nimeshapanga foleni na kidole changu kimepokelewa bila maswali. Mita ya umeme inanifahamu zaidi. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na mimi ni mpangaji. Jengo silimiliki hata tofali moja, lakini kila mwezi nikinunua umeme nakatwa kwanza kwa ajili ya nyumba ya mtu. Tuliambiwa mpangaji na mwenye nyumba wataelewana wenyewe. Nilimweleza mwenye nyumba wangu jambo hilo. Alicheka mpaka akaomba maji.

Na Oktoba 2024, tulipoandikishwa kupiga kura za mtaa, nilitaja jina, nikataja umri, nikasaini. Dakika tatu. Hakuna aliyenituma kwa mjumbe. Wagombea waliopita nyumbani walinijua mimi, mke wangu na mapacha, mmoja akakumbuka hata kwamba pacha mdogo alikuwa na kifaduro.

Kwa hiyo ninapotakiwa kutoa, ninajulikana. Siku ninayokuja kuomba, mimi ni mgeni aliyeshuka na basi la jana. Labda ndiyo itifaki. Sibishani na itifaki, ila najaribu kuielewa.

Najua pia kwamba nina bahati. Kuna kijana wa bodaboda hapa kwetu alishikwa Ijumaa jioni kwa kosa dogo la barabarani. Mdhamini alikuwepo, kitambulisho kipo, kaka yake amesimama nje ya kituo na shati limelowa jasho. Kilichokosekana ni barua yenye wewe, nawe Ijumaa saa tisa unakuwa umeshalala. Akatoka Jumatatu mchana. Mama yake anasema ndani alikuwa anaulizwa, "Una kosa gani?" anajibu, "Wikiendi."

Sasa nikuombe jambo moja, kwa heshima zote. Ungetoka kidogo nje. Msibani unakwenda, kikaoni unakwenda, mtaroni hujafika. Ule mtaro nyuma ya ofisi yako umeziba kwa chupa za plastiki na pampasi. Mchango wa taka tunalipa kila mwezi, mwenye daftari hakosei nyumba, lakini gari la taka linakuja kama mgeni wa heshima: tunasikia kwamba lipo njiani. Masika yakifika, majirani zangu wa bondeni wanasubiri mvua kubwa ya usiku ili watapishe vyoo. Asubuhi watoto wanavuka kwenda shule wakiwa wamevua viatu, wameshika mkononi ili visichafuke. Viatu, Mheshimiwa. Miguu inaingia. Nilipolipeleka suala hilo ofisini niliambiwa niandike barua, na barua ili ishughulikiwe inatakiwa iwe na muhuri.

Turudi kwenye barua yangu ya benki. Niliipeleka siku ileile. Binti wa dirishani aliisoma, akaigeuza, akaielekeza kwenye taa kama anayekagua noti, kisha akaniuliza kwa upole, "Baba, Novemba ina siku ngapi?" Nikakunja ngumi, nikahesabu kwenye vifundo kama tulivyofundishwa darasa la tatu. Thelathini. Akaniwekea kidole kwenye lile duara la bluu. Wewe, Mheshimiwa, ulikuwa umeandika 31 NOV.

Nikaikumbuka ile tik. Mtendaji alikuta gurudumu la siku kwenye 30, akalisogeza mbele moja, akaona yatosha. Gurudumu la mwezi hakuligusa. Kosa la kibinadamu kabisa, nikajua litarekebishwa dakika moja. Nikarudi mbio kabla ya saa tisa. Mtendaji aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Akatazama kalenda ukutani, ambayo bado ilikuwa ya mwaka uliopita. Akanirudishia akisema, "Muhuri ukishagonga umegonga." Kama nataka nyingine, nianzie kwa mjumbe, maana karatasi yake ya mwanzo imeshaingia kwenye faili.

Nimeitunza barua ile. Nimeiweka kwenye plastiki pamoja na vyeti vya watoto, kwa sababu ni waraka pekee wa serikali unaokiri kwamba ninaishi hapa, ingawa unakiri hivyo kwa siku moja tu, nayo haipo.

Nimejipanga nije nikuone tena tarehe hiyo hiyo, 31 Novemba, saa tatu asubuhi. Tafadhali usisafiri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Baba Mapacha
Mkazi (haijathibitishwa)

Nakala: Pedi ya Wino, kwa taarifa.
Mjumbe, pamoja na mia tano yake.