Mwimbaji Mgeni katika Bendi ya Ndugu

Katika metali nzito, yaani tawi la roki linalotegemea magitaa yaliyokuzwa sauti kwa umeme na waimbaji wanaopiga kelele kwa makusudi, kuja kwa mwimbaji mpya huhesabiwa kuwa mapinduzi. Lakini AC/DC, bendi iliyoanzishwa Sydney mwaka 1973 na ambayo yenyewe hushikilia kuwa ni ya roki tu, ilipoingia studio za Albert mjini humo mnamo Novemba 1974 kurekodi albamu yake ya kwanza, High Voltage, mapinduzi hayo yalisimamiwa na ukoo. Malcolm na Angus Young walipiga magitaa, kaka yao George akawa mtayarishaji pamoja na Harry Vanda, na kwa kuwa gitaa la besi nalo halikustahili kutoka nje ya familia, sehemu kubwa akalipiga mwenyewe, huku ngoma nyingi zikiachiwa kibarua. Kinywa ndicho walichokabidhi kwa mgeni: mwimbaji wa awali, Dave Evans, aliondolewa, akaingia Bon Scott, mwenye miaka 28, aliyeweza kudhaniwa mwalimu wa zamu wa Angus, kijana wa miaka 19 aliyepanda jukwaani kwa kaptura na tai ya mwanafunzi. Scott alifariki Februari 1980, na kabla ya muda wa eda kutimia, mrithi wake, Brian Johnson, alikuwa amekwisha kurekodi albamu ya Back in Black, ambayo jalada lake, kwa heshima ya marehemu, lilikuwa jeusi.