Mvumo wa Saa Nane Usiku

Mke wangu akiwa jikoni anasikia noti ya mia mbili ikikunjwa mfukoni mwangu sebuleni. Anasikia mtoto akifunua mkebe wa sukari nyumba ya tatu. Lakini mvumo unaoniamsha saa nane za usiku tangu tuhamie ploti hii ya Kiganjo, huo hausikii.

"Mvumo gani, Baba Wanjiru?"

"Huo. Mmmmmm."

"Huo ni wewe."

Nikanyamaza ili ahakikishe si mimi. Akalala.

Ni kama lori limeachwa nyuma ya kilima likinguruma, dereva akaenda kunywa chai na hajarudi tangu Aprili. Unaingia kwenye mfupa wa shavu zaidi ya sikio. Ukiwasha redio, haupo. Ukiizima, uko palepale, umekungojea.

Nilianza na friji. Niliichomoa, nikakaa gizani nikisikiliza: mvumo uko. Nikarudi kitandani bila kuichomeka tena. Asubuhi tulikunywa strungi, na hakuna aliyenisemesha.

Usiku uliofuata nikashuku transfoma. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha ndani ya transfoma hujinyoosha na kujikunja mara mbili kwa kila mzunguko, ndiyo maana huvuma kwa mitetemo 100. Nilivaa koti na marvin, nikatoka, nikaikumbatia nguzo ya stima na kuibandikia sikio.

Sasa, Kiganjo ndipo Kenya inapofundishia polisi wake. Ukitaka kukumbatia nguzo saa tisa usiku pasipo maswali, nenda Karatina. Tochi ilinimulika usoni. Alikuwa jirani yangu, mwalimu wa gwaride mstaafu, aliyewapigia makuruti kelele kwa miaka thelathini.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza, afande."

"Unasikiliza nini?"

"Sijajua bado."

Ilibidi nimjibu mara mbili, maana masikio yake aliyaacha uwanjani. Kisha akaniamuru nigeuke nyuma, nami nikarudi nyumbani kwa mwendo ambao Kipchoge Keino, aliyekuwa mkufunzi wa mazoezi hapahapa kabla ya dhahabu yake ya Mexico mwaka 1968, asingeudharau.

Nikaamua kusoma. Kumbe wenzangu wako duniani kote, nao wameaibika kama mimi. Mjini Taos, Marekani, wanasayansi walifika na vifaa vyao mwaka 1993. Kati ya wakazi walioulizwa, wawili hivi katika kila mia walisema wanausikia, vifaa havikusikia chochote. Watu wa Windsor, Kanada, walilalamika karibu miaka kumi wakitazama viwanda vya chuma vya Zug Island ng'ambo ya mto, upande wa Marekani. Tanuri zilipozimwa mwaka 2020, madirisha ya Windsor yakanyamaza. Hao niliwaonea wivu sana: walikuwa na kitu cha kunyooshea kidole.

Walionichekesha ni wa Sausalito, California. Huko, miaka ya 1980, wakazi wa nyumba zinazoelea majini walishindwa kulala kwa mvumo wa usiku kucha. Wakashuku pampu, wakashuku jeshi. Lawama ikaangukia samaki: dume fulani mnene, mwenye sura mbaya, anayelala matopeni akivuma ili jike limfuate. Nilimtazama mke wangu aliyekuwa amenipa mgongo, nikamwelewa yule samaki. Kiganjo tuna kituo cha kuzalisha trauti, kwa hiyo nilikwenda hadi kwenye yale maji baridi nikainama. Trauti hawasemi na mtu. Waliletwa nchini na walowezi, na mpaka leo wanajivuna.

Nikahamia kwa tembo, na hapa nilikuwa na ushahidi. Miaka hiyohiyo ya 1980, watafiti Katy Payne na Joyce Poole walirekodi tembo wa Amboseli wakizungumza kwa sauti nzito mno, nyingine chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu hukata tamaa. Sauti hizo husafiri kilomita kadhaa. Nasi tembo tunao huku mlimani. Tangu 2011 wana hata kivuko chao chini ya barabara kuu, cha kuwatoa Mlima Kenya hadi msitu wa Ngare Ndare. Nilimweleza mke wangu hayo yote usiku wa manane. Akauliza kama tembo hao wanalipa kodi ya nyumba, kwa maana tarehe tano imepita.

Daktari alichungulia masikio yangu, akatoa nta kiasi cha kuwasha mshumaa. Matokeo yake sasa nausikia vizuri zaidi.

Fizikia nayo ilinitia hasara. Wimbi la mitetemo 50 lina urefu wa karibu mita saba, na chumba chetu hakifiki mita nne. Sauti ya namna hiyo hugonga ukuta, ikarudi, ikajikusanya pembeni, na katikati ya chumba ikafifia. Basi nikasukuma kitanda hadi katikati. Kweli ulipungua! Ila saa kumi mke wangu aliamka kwenda msalani, akatafuta ukuta wa kushika, ukuta haukuwapo.

Kisha juzi stima ikapotea Kiganjo nzima. Watu wakaguna. Mimi nilitoka uani nikifurahi peke yangu: sasa nitajua. Friji, transfoma, pampu, vyote vimekufa. Nikashika pumzi.

Mmmmmm.

"Baba Wanjiru," ikasema sauti gizani, upande wa pili wa ua. Ni shosho wa jirani, amejitanda blanketi. "Kumbe hicho kinu chako hakitumii stima?"

"Kinu gani, shosho?"

"Hicho unachosagia usiku. Tangu muhamie hapa. Unasaga hata unga wa kuonja haufiki kwangu. Nilikuombea Jumatano, kanisani, mbele ya akina mama wote."

Nilitaka kumkumbatia kama nguzo. Nikamwambia sina kinu, nami nausikia, nimeutafuta mpaka kwa samaki. Tulishikana mikono juu ya michongoma kama ndugu waliopotezana.

"Wako ukoje?" nikauliza.

Akafikiri, akaufinya puani: "Nnnn. Nnnn. Nnnn." Mwembamba, wenye vituo.

Huo haukuwa wangu. Nikamwimbia wangu: "Mmmmmmmm."

"Huo sijawahi kuusikia," akasema, akanitazama kwa huruma. "Sikiliza vizuri. Nnnn."

"Mmmmm."

"Nnnn."

Dirisha letu likafunguliwa.

"Sasa huo," akasema Mama Wanjiru, "nausikia."