Njia saba za kuipoza nyumba ya pwani, tukianzia mkiani

Februari ya Dar es Salaam na Mombasa haina huruma, kwa hiyo tuelewane mapema. Kipimo changu kikuu ni hiki: njia inayolizuia joto lisiingie kwa kawaida huishinda ile inayolifukuza likishakaa.

7. Kiyoyozi. Najua, mmeshaanza kelele. Hospitalini na maabarani kiwepo, tena kizuri. Ila Willis Carrier alipokibuni mwaka 1902 hakuwa akimhurumia mtu anayetoka jasho. Alikuwa akiokoa karatasi za kiwanda cha uchapaji kule Brooklyn, zilizoharibiwa na unyevu. Mpaka leo kazi yake ni ya uhamali: kinalibeba joto la chumbani kwako na kulitua dirishani kwa jirani. Jirani naye ananunua chake, na mita za LUKU zinalia nyumba zote mbili.

6. Panga boi. Halipozi chumba, linampoza mtu kwa kumkausha jasho. Ukitoka, zima: kiti hakitoki jasho. Hula wati 70 hivi, wakati kiyoyozi cha chumbani kinaweza kufika 1,000.

5. Kuta nene. Wapenzi wa Lamu na Mji Mkongwe watanigombeza, na nawaelewa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, hulichelewesha jua mpaka jioni. Kule Harare, jengo la Eastgate la mwaka 1996, lililosanifiwa na Mick Pearce kwa kutazama vichuguu vya mchwa, huvuta hewa baridi ya usiku ikalipoza zege kwa ajili ya kesho. Lakini Harare iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, usiku wake unapoa kweli. Dar ya Machi, saa nane za usiku, ukuta utautoa wapi ubaridi?

4. Dari. Bati lisilo na dari humwaga joto utosini. Weka dari, acha matundu ya hewa chini ya kingo za paa, lipake bati rangi nyeupe. Na mvua ikinyesha mtasikilizana.

3. Baraza na upenu mpana. Beit-el-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa Zanzibar mwaka 1883, ilizungushiwa roshani pana juu ya nguzo za chuma, kuta zikakaa kivulini. Ukuta usioonjwa na jua hauna cha kukuletea usiku. Halafu leo tunasimamisha maghorofa ya vioo vitupu, tunalikaribisha jua ndani, kisha tunalipa bili lifukuzwe. Hili linaniudhi kwa dhati.

2. Matundu mawili yanayotazamana. Upepo hauingii chumba usichoweza kutoka. Dirisha moja kubwa linashindwa na madogo mawili ya kuta mbili tofauti. Mbu? Wavu, ndugu yangu, si kioo.

1. Mwelekeo wa nyumba. Huyu ndiye bingwa, na hauzwi dukani. Kwetu jua la mchana hupita karibu na utosi, kwa hiyo paa hulibeba. Kuta zinazoungua ni za mashariki na magharibi, maana asubuhi na jioni jua liko chini na hupenya hata chini ya upenu. Ubavu mrefu wa nyumba basi utazame kaskazini na kusini, na madirisha yawe huko. Hapo pwani tumependelewa: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka upande wa kusini, kwa hiyo pepo hugonga kuta zilezile ambazo jua linaziacha. Fundi atasema nyumba lazima itazame barabara. Mwambie mlango utazame barabara, madirisha yatazame upepo. Nyumba imeshasimama? Panda mwarobaini upande wa magharibi. Haijasimama? Huko magharibi weka stoo, choo na ngazi: hakuna anayelala ngazini.